Namsubiri binti yangu nje ya darasa la dansi, ngoja niwape stori ya mgomba

Habari zenu jamani, habari za Moshi, shikamooni wakubwa wote. Leo niko ndani ya gari kama mnavyoona, mvua ya Leeds hii, huku Uingereza, haina hata ngurumo, inanyesha tu kimyakimya kama mtu mwenye kinyongo, na hilo jengo hapo nyuma binti yangu yuko ndani anacheza dansi, anatoka saa moja kasoro robo, kwaiyo nina muda kidogo wa kupiga stori.

Kuna dada aliniuliza, we baba mzima unakaaje nje kumsubiri mtoto anayecheza, hiyo si kazi ya mama yake? Dada yangu, kazi hii nimeianza Moshi 2018, mtoto ana miaka 6. Jumamosi mama yake yuko dukani, mwenye pikipiki ni mimi. Basi.

Tulikuwa tunatoka Pasua saa mbili asubuhi, yeye kavaa helmeti yangu inamzunguka kichwani kama sufuria, tunapita mnara wa saa, tunapanda Shanty Town kwenye ile miti, na muda ule Kibo iko wazi kabisa, mawingu hayajaja, basi anaipungia mkono. Kila Jumamosi. Mi nafikiri ndo maana alikuwa hataki tuchelewe, wala sio dansi.

Mwalimu wao alisomea Bagamoyo, pale chuo cha sanaa ambacho sa hivi kinaitwa TaSUBa, kwaiyo darasa lake lilikuwa mchanganyiko, nusu ya kwanza watoto wameshika viti vya plastiki wanafundishwa balei, ile dansi ya Kizungu, na ile mikao yake mitano ya miguu, na maneno yenyewe ya Kifaransa, ukikosea anakurudisha mwanzo, halafu nusu ya pili anatoa ngoma anawachezesha sindimba ya Wamakonde mpaka madirisha yanatetemeka. Mi niko kwenye benchi na kina mama, mwanaume peke yangu, mwezi wa kwanza najifanya nasoma gazeti, mwezi wa pili nilishaijua ile mikao yote mitano nikawa namsahihisha mtoto jikoni. Msicheke.

Viatu sasa ndo ilikuwa shughuli. Nimechambua mitumba Kiboriloni wiki tatu nikapata jozi moja ya pinki, kubwa, mama yake akajaza pamba mbele na kushona lastiki. Sketi ilitoka kwenye neti iliyobaki kwenye mapambo ya harusi ya shangazi yake. Mwanzo mi nilipendekeza chandarua cha zamani, mke wangu aliniangalia tu, sikurudia.

Onyesho likapangwa Desemba, na nyie mnajua Desemba Wachaga wote wamerudi nyumbani. Mi na mdomo wangu nilishatangaza ukoo mzima kwamba mwanangu anacheza, wakaja watu 11 kutoka Marangu wamebanana kwenye Noah, mama yangu kakaa mbele na kitenge kipya. Halafu siku mbili kabla mtoto ndo ananiambia, baba, nimepewa kuwa mgomba.

Mgomba?

Eeh, nasimama nyuma, upepo ukija natikisika.

Yaani wanaocheza ni sungura na kina nani sijui, yeye ni shamba. Nikanyamaza, sikumwambia mtu, maana Noah ilishalipiwa.

Basi tumekaa, muziki umeanza, mama ananiinamia sikioni, mjukuu wangu ni yupi? Nikamwambia ni ule mgomba wa kulia. Akakaa kimya kidogo, nikajua leo nimeumbuka, lakini aisee kwa Mchaga mgomba sio kitu cha kudharau, ndo mtori, ndo mbege, ndo chakula cha ng'ombe, ndo kihamba chenyewe, lile shamba la ukoo. Upepo ukaja, yule mtoto akatikisika, macho kafumba, mikono yote, mpaka jani moja likadondoka. Mama yangu akapiga kigelegele, akasimama, akafungua fundo la kanga, akatembea mpaka mbele kabisa, akachomeka noti ya 2,000 kwenye majani.

Kwetu si mtu akicheza vizuri anatuzwa? Nani alimwambia balei haina kutuza?

Sungura akasimama anashangaa. Mwalimu hajui acheke au azime muziki. Ghafla baba mmoja huko nyuma naye akainuka kwenda kumtuza sungura wake, kina mama wakafuata na vigelegele, wimbo ulirudiwa mara tatu, na muda wote huo mgomba noti zimemjaa na hata hatabasamu, kwa sababu mwalimu aliwaambia mgomba hausogei. Nilimuuliza baadaye hukusikia raha? Akasema baba, mi nilikuwa mgomba.

Sasa huku. Huu mji wa dansi kwelikweli, pale Quarry Hill karibu na stendi ya basi kuna jengo la Northern Ballet, na humohumo kuna Phoenix, kundi lililoanzishwa hapahapa Leeds na vijana watatu weusi, mwaka 1981, mwaka uleule chuo cha Bagamoyo kilipoanza. Napapita nikienda kazini. Mwanangu hasomi pale, msije mkaanza kutangaza huko.

Ila onyesho lake la kwanza huku, jamani, tiketi pauni 12 kila kichwa, simu zimezimwa, giza, kimya mpaka unasikia mtu anameza mate. Akaja mbele, safari hii mwenyewe, peke yake kama dakika nzima, nikajikuta mkono uko mfukoni umeshika noti ya pauni 5 na makalio yameshaachana na kiti. Mke wangu akanivuta koti.

Kwenye gari akaniambia, baba, nilikuona. Nikamwambia nilitaka kukutuza. Akasema ungefika pale mbele ningehama shule. Kimya mpaka karibu na nyumbani, halafu akauliza, kwani ile 2,000 ya bibi iko wapi?

Jamani nyie ni watu wangu siwafichi. Niliitia mafuta kwenye pikipiki, jioni ileile, nilikuwa sina hela, zile nyingine tulinunua soda za watu wa Noah. Nikajua yameisha. Kumbe kampigia bibi yake, na mama yangu naye kamjibu nilikupa wewe, baba yako sikumpa, mdai. Sasa ananidai kwa pauni, na riba kaweka.

Huyo anatoka, na begi kalifunika kichwani. Ngoja nizime, akinikuta narekodi habari zake deni linapanda.