Kitendawili cha Nazi za Kongowea: Kitegue kwa Vizibo 12

Kitendawili!

Haya, nimewasikia mkisema tega. Sikilizeni vizuri, nitakisoma mara moja tu, kisha kitabaki hapo chini ya kioo.

Mwenye nazi sokoni Kongowea ana gunia la nazi. Akizipanga mbili mbili, yabaki moja. Tatu tatu, zabaki mbili. Nne nne, zabaki tatu. Tano tano, zabaki nne. Sita sita, zabaki tano. Akizipanga saba saba, haibaki hata moja. Ana nazi ngapi, zikiwa chache iwezekanavyo?

Swali hili nimeletewa na mzazi mmoja wa Kisauni. Mwanawe wa gredi ya saba alipewa na mwalimu afanye wikendi, na nyumba nzima ikakesha nalo. Simamisha video hapa ujaribu kwanza. Ukishindwa utanipa mji, na mimi mji niutakao ni Lamu, msinipe mwengine.

Tayari? Tafuta karatasi, kalamu na vizibo 12 vya soda. Kalkuleta ya simu iache ilipo, hatutaihitaji.

Weka vizibo 11 mezani, cha 12 kitie mfukoni. Nashusha kamera muone mikono yangu. Navipanga viwili viwili: jozi tano, na hiki kimoja kimebaki pekee. Navikusanya. Vitatu vitatu: mafungu matatu, vimebaki viwili. Navikusanya tena. Vinne vinne: mafungu mawili, vimebaki vitatu. Mwaona? Ni nazi zile zile za mwalimu, ila zimekuwa chache.

Sasa hapa msiwe na haraka, maana swali lote limelala hapa. Wengi macho yao huwa kwenye baki. Moja, mbili, tatu, nne, tano, kila mgao na baki lake, kichwa chazunguka. Acheni kuangalia kilichobaki, angalieni lile fungu la mwisho ambalo halikujaa. Kwenye viwili viwili, hiki cha pekee kimekosa mwenzake mmoja. Kwenye vitatu vitatu, hivi viwili vimekosa kimoja. Kwenye vinne vinne, hivi vitatu vimekosa kimoja. Baki zatofautiana, lakini pungufu ni moja kila mara!

Natoa kizibo cha 12 mfukoni, hiki chekundu. Nakiongeza. Viwili viwili, vimejaa. Vitatu vitatu, vimejaa. Vinne vinne, vimejaa.

Basi mwenye nazi naye tumkopeshe nazi moja. Akiwa nayo, gunia lake lagawanyika kwa 2, 3, 4, 5 na 6 bila baki. Kazi yetu sasa ni kutafuta namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa hizo tano, na mwalimu ameweka mtego papo hapo. Mtoto mwenye haraka atazizidisha zote: 2 mara 3 mara 4 mara 5 mara 6, apate 720. Atoe ile nazi ya mkopo, 719. Ajaribu. Masharti matano ya kwanza yatatimia yote, kisha afike kwa 7, zibaki 5. Hapo hudhani njia nzima ni mbovu, akafuta ukurasa mzima. Naona uchungu nikiona ufutio ukipita juu ya hesabu nzuri namna ile.

Njia haina kosa. Ni kwamba amehesabu vitu mara mbili. 6 tayari imebeba 2 na 3 ndani yake, na 4 imebeba 2. Kwa hivyo zinazotuhusu ni 4, 5 na 6 peke yake. 4 na 6 zakutana kwenye 12. 12 na 5 zakutana kwenye 60. Hicho ndicho kigawe kidogo cha shirika, ile LCM ya ubaoni.

Turudishe mkopo: 60 toa 1, 59. Gawanya kwa 7. 7 mara 8 ni 56, zabaki 3. Haifai. Usirudi mwanzo, ongeza 60 nyingine tu, kwa kuwa nazi 60 zajaza mafungu yote matano na hazivurugi baki yoyote. 59 na 60 ni 119. 7 mara 17 ni 119. Zimekwisha.

Hakikini upesi: 119 kwa 2 yabaki 1, kwa 3 zabaki 2, kwa 4 zabaki 3, kwa 5 zabaki 4, kwa 6 zabaki 5. Najua kuna mtu ataniandikia kwamba hata 539 yakubali. Ni kweli, na ndiyo maana swali lilisema chache iwezekanavyo.

Swali hili lina ndugu yake mkongwe. Ukigawanya kwa 2, 3, 4, 5 au 6, kila mara yabaki moja tu, na kwa 7 haibaki kitu. Ibn al-Haytham, mwanahesabu aliyezaliwa Basra na kufariki Kairo karibu mwaka 1040, alilishughulikia. Kukopesha hapa hakusaidii, kwani pungufu hazilingani: kwa 2 ni moja, kwa 6 ni tano. Kinacholingana sasa ni baki. Kwa hivyo badala ya kuongeza nazi, twaipokonya moja, tupate 60, 120, 180 na kuendelea, kisha twairudisha. 61 yakataa kwa 7, 121 yakataa, 181 na 241 vile vile. 301 yakubali, kwa sababu 7 mara 43 ni 301.

Hili sasa ni lenu. Muuza madafu pale ufukweni Mama Ngina, Mombasa, akipanga madafu yake matatu matatu, labaki moja. Manne manne, yabaki mawili. Matano matano, yabaki matatu. Saba saba, yaisha yote. Ana madafu mangapi, yakiwa machache iwezekanavyo? Tazameni pungufu kabla hamjagusa kalamu, na mkiniandikia jibu wekeni na hatua zake. Jibu tupu silisomi.