Da Rehema kaacha makopo

YOHANA: Karibuni, tupo Dodoma, na huo upepo mnaousikia unapiga mabati ya jirani, msidhani tumehamia stendi. Mimi ni Yohana, niko na dada yangu Rehema. Amepungua mwili, na siku hizi kila anayekutana naye anampa pole.

REHEMA: Ndiyo salamu yangu sasa. "Pole dada." Nikisema siumwi, mtu anashusha sauti: "Basi ni mawazo." Hapa kwetu mtu hapungui kwa kupenda. Lazima kuna jambo.

YOHANA: Na wanaokujua wanasema ni yale makopo ya sheki za kupunguza uzito.

REHEMA: Hilo ndilo linaniudhi! Makopo nimeyaacha tangu mwaka jana. Kupungua huku kumekuja baada ya makopo, si kwa makopo.

YOHANA: Tuanzie hapo. Jina la programu tuliache.

REHEMA: Tuliache, ziko nyingi na zote zinafanana. Unapimwa kilo, unapewa kochi, unaingizwa kwenye kundi la WhatsApp. Asubuhi sheki, usiku sheki, mchana sahani moja, na hiyo sahani unaipiga picha unaituma kundini kabla hujala. Chakula kinapoa unasubiri kochi aweke dole gumba. Kopo moja laki na ushee, na halimalizi mwezi, linamaliza mshahara.

YOHANA: Lakini ulipungua.

REHEMA: Haraka sana, siwakatai. Wiki ya kwanza mzani ulishuka mpaka nikataka kununua nguo mpya. Sasa sikiliza kilichoshuka. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, inaitwa glaikojeni. Kila gramu ya akiba hiyo inashikilia maji kama gramu tatu. Ukikata chakula ghafla, akiba inatumika na maji yanaondoka. Sehemu kubwa ya zile kilo za mwanzo nilizikojoa, Yohana.

YOHANA: Kwa hiyo mafuta yalikuwa bado yamekaa tu.

REHEMA: Yameguswa kidogo. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Chukua mtu anayetumia kalori 2,000 kwa siku. Asipokula kitu wiki nzima, amekosa 14,000. Piga hesabu.

YOHANA: Hata kilo mbili hazifiki!

REHEMA: Na matangazo yanakuahidi tano.

YOHANA: Nini kilikutoa? Maana wewe ni king'ang'anizi.

REHEMA: Swali moja tu. Nilimuuliza kochi: nikifika kwenye kilo ninazozitaka, kopo naacha? Akasema hapana dada, hapo unaingia kifurushi cha kudumisha. Nikauliza, mpaka lini? Akanitumia bei.

YOHANA: (anacheka) Kakujibu kikamilifu!

REHEMA: Kabisa. Nikaona kumbe hapa hakuna mahali pa kuhitimu. Na ukishapungua kidogo wanakwambia sasa na wewe anza kuuza.

YOHANA: Mimi naona ni kama Waingereza na mradi wao wa kulima karanga Kongwa. Walikuja 1947 na matrekta yao na mpango mkubwa, mvua na udongo wa Kongwa hawakuupima vizuri. Mwaka 1951 mradi ukafungwa.

REHEMA: Sasa ile ya kwao ilikufa kwa kukosa karanga. Hizi programu zinaishi kwa wewe kurudi. Unapungua, unaacha, unanenepa, unajilaumu, unanunua tena. Lawama zinabaki kwako, kopo halilaumiwi.

YOHANA: Ila si zote za makopo. Ile kubwa ya Marekani, Weight Watchers, aliianza mama wa nyumbani pale Queens, New York, Jean Nidetch, mwaka 1963. Alianza kwa kukusanya marafiki sebuleni, wanasimuliana walivyoshindwa kuacha biskuti.

REHEMA: Na hilo la kukaa pamoja nalisifu, hata kwenye kundi letu wale kina mama walikuwa watu wazuri. Lakini hata hiyo kampuni Mei 2025 iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Madeni ya zaidi ya dola bilioni moja, na wateja wamekimbilia sindano za kupunguza uzito.

YOHANA: Sindano tutazifikia. Kwanza njaa. Maana wakati wa sheki ulikuwa unanitumia picha za chipsi mayai saa tano usiku.

REHEMA: Nilikuwa naziangalia tu! Halafu nikasoma habari za Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, 1944 hadi 1945. Wanaume 36 walijitolea kupunguziwa chakula kwa karibu nusu, miezi sita. Walikuwa wazima, wenye msimamo. Wakaanza kuota chakula, wengine wakawa wanasoma vitabu vya mapishi usiku. Basi nikaacha kujiita mlafi. Ukiubana mwili sana, kichwa chote kinahamia jikoni.

YOHANA: Haya, tuje huko jikoni. Umefanya nini?

REHEMA: Cha kwanza, kijiko cha mafuta. Nilikuwa namimina kutoka kwenye dumu, kwa jicho. Sisi huku tuna alizeti, unatoka Singida unakuta madumu yamepangwa kando ya barabara, na kila mtu anakwambia "haya hayana lehemu, kula tu". Ni kweli, mafuta ya mimea hayana lehemu, yaani kolesteroli. Lakini lehemu ni kesi nyingine na kilo ni kesi nyingine. Mafuta yoyote, gramu moja ni kalori tisa. Kijiko kimoja cha chakula ni kama 120. Robo lita ni kama 2,000, chakula cha mtu mzima siku nzima, na mimi nilikuwa naimaliza kwenye maharage na mboga ya siku moja.

YOHANA: Ya watu wangapi?

REHEMA: Wanne, na mmoja anakula kama sungura. Sasa napima vijiko vitatu kwa sufuria. Nyanya na vitunguu navikaanga taratibu na maji kidogo, ladha ipo. Siku za kwanza mume wangu aliuliza kama gesi imeisha.

YOHANA: Na ugali wa mtama? Watu wanasubiri useme mtama.

REHEMA: Najua, na nitawaudhi. Mtama na uwele ni chakula chetu, naupenda, ila mtama hauyeyushi kitambi. Pima unga wa mtama na sembe uzito ule ule, kalori zinakaribiana. Faida yake ni nyuzinyuzi, unashiba mapema na unakaa na shibe. Ukila mlima wa ugali wa mtama utanenepa kiasili.

YOHANA: Kiasili! Na mlenda?

REHEMA: Mlenda wenyewe ni majani, kula. Ila ule tunaouunga kwa karanga nyingi, kumbuka karanga karibu nusu yake ni mafuta. Siuachi, naweka kidogo. Sahani yangu nusu ni mboga, mchicha au matembele, ugali robo, maharage au dagaa robo. Soda nimeacha. Na kutoka Mtumba nashuka daladala mbele kidogo ya kituo changu, natembea, jua likiwa limepoa. Kwa mwezi napungua kilo moja hivi, mwezi wa vikao vya harusi hazishuki kabisa.

YOHANA: Kwenye kikao kuku hakataliwi.

REHEMA: Nani amekataa kuku?

YOHANA: Sindano sasa. Watu wanaziulizia.

REHEMA: Semaglutaidi, iliyomo kwenye sindano hizo, ni dawa kweli, ilianzia kwenye kisukari, na mwaka 2021 Marekani ikaruhusiwa kwa unene. Inafanya kazi, siibezi. Lakini katika utafiti mmoja mkubwa, walioacha walirudisha kama theluthi mbili ya kilo walizopunguza ndani ya mwaka. Kwa hiyo ni ya daktari, ya kufuatiliwa. Usinunue kwa mtu wa Instagramu anayeitunza sijui wapi. Na chai za kukonda, nyingi zina sanamaki. Hiyo ni dawa ya kuendesha, unapungua choo.

YOHANA: Tumalizie na msikilizaji wetu, ana kisukari, anameza vidonge, na anataka kuanza kuruka chakula cha usiku.

REHEMA: Asianze leo. Akiwa kwenye insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamaidi halafu akakata mlo, sukari inaweza kushuka vibaya, anatoka jasho, anatetemeka, anaweza kuzimia. Aende kliniki kwanza, dozi yake iangaliwe ndipo abadilishe chakula. Na aulize afisa lishe, halmashauri wanaye. Dawa azibebe na paketi zake, asiende kuzitaja kwa rangi.

YOHANA: "Daktari, ni ile nyeupe ya duara."

REHEMA: Zote ni nyeupe za duara, Yohana!