Droni Juu ya Bahari: Kuilinda Isizame na Kuiokoa Ikizama

Asalaam aleikum, karibuni. Niko ufukweni Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja, na sasa ni saa nne asubuhi. Tazameni nyuma yangu: maji yamekupwa hadi kule mwambani, vigingi vya mwani viko nje, watu wanapita kwa miguu mahali ambapo jana saa kumi jioni palikuwa pa kupita boti. Leo ni bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa sana. Likumbukeni neno hilo, nitalirudia.

Tuanze kabla ya kurusha. Kibali cha mamlaka ya anga uwe nacho mkononi. Halafu sikiliza upepo. Droni ndogo kama DJI Mini 3, ya gramu 249, mtengenezaji anasema inahimili upepo wa mita 10.7 kwa sekunde. Kwenye msimu wa kusi pwani hii, ukiwa chini ya minazi unaweza kudhani hali ni shwari, kumbe kule mwambani kunavuma kweli. Kwa hiyo anza kwa kuipeleka droni upepo unakotoka, ili ikirudi na betri iliyochoka isukumwe na upepo. Mimi juu ya bahari naigeuza betri ikifika nusu. Nchi kavu ningesubiri zaidi, lakini hapa hakuna pa kutua njiani.

Sasa nikusogezee kamera. Unaviona hivi vijicho tumboni mwa droni? Kazi yake ni kutazama chini na kuisaidia droni kujua imesimama wapi. Juu ya mchanga vinafanya kazi vizuri. Juu ya maji vinadanganyika, kwa sababu mawimbi yanatembea na jua linametameta, na droni inaweza kuyumba au kushuka bila wewe kuiamuru. Usiipeleke chini sana. Mimi sishuki chini ya mita 5, hata kama picha ya karibu inanitamanisha.

Hatua inayofuata ndiyo iliyoniumiza, naomba uitulizie akili. Kama unarushia kwenye ngalawa au boti, ingia kwenye mipangilio utafute sehemu ya kurudi nyumbani. Droni hukumbuka pale ilipoinukia, na hapo kwake ndipo nyumbani. Mwaka mmoja nilirusha nikiwa kwenye ngalawa, tukasukumwa na mkondo taratibu nami nimezama kwenye picha. Mawasiliano yakakatika. Droni ikarudi kwa utii kabisa mahali tulipokuwa mwanzo, ikajishusha yenyewe, na pale palikuwa na maji matupu. Niliitazama ikizama.

Basi fanya hivi: kila chombo kinaposogea, badilisha nyumbani pawe pale ilipo rimoti. Kama programu yako inakuruhusu, iambie droni isimame hewani ikipoteza mawasiliano badala ya kurudi. Na betri ikiisha kabisa ikaanza kujishusha, usiiachie. Droni nyingi hukubali ukisukuma juu kijiti cha rimoti zipunguze kasi ya kushuka, na huku unaielekeza pembeni kuelekea chomboni au kwenye mchanga.

Maboya nayo yanasaidia. Wavuvi wetu hukata soli za kandambili kuukuu kuwa maboya ya nyavu, na kwa droni kubwa kidogo unaweza kufunga vipande vyepesi vya namna hiyo miguuni, mradi visizibe vile vijicho wala kugusa mapanga yanayozunguka. Jaribu kwanza kwa kulifunga boya kwenye jiwe lenye uzito sawa na droni yako: likielea ndani ya ndoo, boya linatosha. Kwa droni ya gramu 249 siyapendi, yanaifanya ihangaike na upepo. Na andika namba ya simu kwa wino usiofutika, maana kitu kinachoelea hufika mbali.

Imezama? Usizime rimoti. Piga picha ya skrini, ramani inaonyesha mahali pa mwisho. Kisha fika pale kwa chombo, ushike alama kama wavuvi: tafuta vitu viwili vya nchi kavu vilivyopangana, mnazi na paa la msikiti, halafu vingine viwili upande wa pili. Mistari hiyo inapokutana ndipo ilipo. Droni isiyo na boya huzama haraka, kwa hiyo mara nyingi haiendi mbali. Usiogelee kuifuata, hasa maji yakiwa yanatoka kuelekea mlango wa mwamba.

Siku ile nilimfuata mzee mmoja mvuvi wa pweza. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu." Nikamweleza, akautazama mwezi, akasema: "Leo bamvua. Saa tatu usiku utapakanyaga kwa miguu." Tukaenda na tochi, tukaikuta imelala kwenye majani ya bahari. Kama droni imezama upande wa ndani wa mwamba, kati ya mwamba na ufuo, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, bahari hukupwa sana na nafasi hiyo unaipata. Siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, itabidi umtafute mzamiaji.

Ukishaipata, usiiwashe hata kwa kuonja. Toa betri kwanza. Tazama hapa kwenye hivi vyuma vya betri yangu ya siku ile: kijani hiki ni kutu, na ililala majini saa tano tu. Chumvi ikikutana na umeme inakula shaba upesi sana. Betri hiyo usiichaji tena kamwe. Inaweza kuwaka moto hata baada ya siku kadhaa, kwa hiyo iweke nje, mbali na nyumba, ndani ya chombo cha chuma chenye mchanga.

Mwili wa droni uzamishe kwenye maji yasiyo na chumvi mara mbili tatu, ukibadilisha maji. Mimi natembea na dumu la lita 10 la maji ya kunywa. Maji ya visima vya karibu na ufuo mengi yana chumvichumvi, yaache. Kadi ya memori isuuze kivyake na uikaushe. Yangu ilitoa picha zote, ingawa kamera yenyewe ilikufa.

Kisha fundi aifungue, asugue ubao kwa brashi laini na alkoholi ya isopropili. Asitumie thina, inaharibu plastiki. Iache ikauke kivulini penye upepo siku mbili tatu. Mchele hauondoi chumvi, na joto la jiko linapinda plastiki.

Ikiwa kavu, weka betri nyingine iliyo nzima, uiwashe bila mapanga na usikilize mota moja moja. Zikizunguka bila kukwaruza, rudisha mapanga, iinue juu ya mchanga mtupu kimo cha kiuno, na uiache hapo dakika tano ukiwa karibu nayo.