Ninachokifanya Katika Maabara ya Nyuklia ya Oak Ridge, kwa Wanaoniuliza Kuhusu Mabomu

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za huko. Video hii sikuipanga, lakini tangu niliposema kwamba ninafanya utafiti katika Maabara ya Taifa ya Oak Ridge, hapa Tennessee, kila ninachoweka, hata ile video ya bei ya unga wa mahindi, kinajibiwa kwa swali moja: "Kaka, mnatengeneza mabomu huko?" Nimeonelea nilijibu kwa kirefu. Najua wapo watakaosema najionyesha kwa kutaja mahali pakubwa, na wapo watakaosema nalalamika ilhali nimepata nafasi ambayo wengine wanaililia. Nawaomba mnisikilize kwanza.

Habari za Hiroshima sitazirudia, sote tulizisoma shuleni. Ni kweli kwamba maabara hii ilizaliwa na vita. Kinu chake cha kwanza cha nyuklia, cha grafiti, kiliwashwa tarehe 4 Novemba 1943 ili kuonyesha namna ya kupata plutoniamu, elementi ya kutengenezea mabomu, kutoka kwenye urani, na sehemu kubwa ya urani ya mradi mzima wa bomu la Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, kwa ndugu zetu wa Kongo, ambao hadi leo hawatajwi inavyostahili kila historia hiyo inaposimuliwa. Jambo hilo linaniuma, ndiyo maana nalisema ingawa hakuna aliyeniuliza. Lakini kinu kilekile, mwezi Agosti 1946, kilitoa kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi, iliyopelekwa katika hospitali ya saratani mjini St. Louis, na kazi ninayoijua mimi inatokana na tawi hilo. Shughuli za urani ya silaha ziko kwa jirani yetu, Y-12, ambayo ni taasisi nyingine; na idara za usalama wa taifa zilizomo ndani ya maabara yetu mimi siingii.

Kinu cha leo kinaitwa HFIR (High Flux Isotope Reactor). Kimekuwa kikifanya kazi tangu miaka ya 1960, nguvu yake ni megawati 85, na hakizalishi umeme kabisa. Kinachozalisha ni nyutroni, yaani chembe ndogo zilizomo katika kiini cha atomu, kwa wingi ambao ni vinu vichache sana duniani vinavyoufikia, ingawa kipenyo cha fungu lake la fueli hakifiki hata nusu mita. Nyutroni hizo hutumika kwa namna mbili kuu. Kwanza, huelekezwa kwenye vitu mbalimbali ili kuonyesha jinsi atomu zilivyopangika ndani yake, na hapo ndipo nilipo mimi: naweka unga wa kemikali za betri ndani ya kikopo chembamba cha chuma kinacholingana na kidole, nakifunga mbele ya mwale wa nyutroni, kisha nasubiri kwa saa nyingi hadi vipimo vikusanyike. Pili, vitu huingizwa ndani ya kinu vigeuzwe kuwa vingine. Humo ndimo hutoka kaliforniamu-252, inayosaidia kuanzisha vinu vya umeme, na plutoniamu-238, ambayo joto lake hutumika kuendesha vyombo vya NASA vilivyo mbali angani.

Mama yangu huniuliza kuhusu mionzi, naye ana haki ya kuuliza. Ninavaa kipimo kifuani muda wote niwapo kazini, na nikitoka nasimama kwenye mashine, mikono ndani, miguu juu ya sahani, hadi iniruhusu kupita. Ninamwamini aliyeiweka mashine ile kuliko yule jamaa yangu aliyetangaza katika kundi la ukoo kwamba mtoto wao anatengeneza silaha za kuua watu, jambo lililonifanya nipigiwe simu usiku na wazee ambao sikujua niwaanzie wapi kuwaeleza.

Sasa nije kwenye makaratasi, kwa kuwa ndiyo sehemu msiyoiona. Maabara hii ilitengeneza berkeliamu, elementi yenye mionzi, miligramu 22 tu, kwa kupiga elementi nyingine kwa nyutroni ndani ya HFIR kwa siku 250 hivi, kisha ikapozwa na kusafishwa kwa miezi kadhaa, ipelekwe Dubna, Urusi, ikatumike kutafuta elementi ya 117, iliyokuwa bado haijagunduliwa. Nusu ya berkeliamu hiyo hutoweka kila baada ya siku zipatazo 330. Pamoja na haraka hiyo yote, mwaka 2009 forodha ya Urusi iliukataa mzigo mara mbili kwa kasoro za nyaraka, hata ukavuka Atlantiki mara tano kabla ya kupokelewa. Elementi ilipatikana, ikatangazwa mwaka 2010, na leo inaitwa tenesini.

Kama mzigo wa serikali ulirudishwa kwa ajili ya karatasi, mtanielewa nikisema kwamba mimi nilikwama miezi. Chuo nilichosoma kilikalia ombi langu la nakala ya matokeo hadi ada ya tathmini ya vyeti niliyolipa huku ikapitwa na muda, nikalipa upya, kwa dola, huku wa nyumbani wakidhani pesa nimezificha. Mgeni huchunguzwa kabla ya kukanyaga eneo la kinu, na hilo silinung'unikii, ni utaratibu wa mahali penye nyuklia. Mshahara wangu sitautaja. Ni wa mtafiti wa mkataba, na baada ya kodi ya serikali, bima ya afya na pango la nyumba, kinachobaki si kile mnachokifikiria mnaponitumia maombi ya ada.

Kwa wanaosomea fizikia na kemia: si lazima mhamie huku. Maombi ya kutumia miale hii ya nyutroni hupokelewa hata kutoka nchi za nje, mwito hutolewa mara mbili kwa mwaka, na utafiti ambao matokeo yake yatachapishwa haulipiwi muda wa mashine. Nauli na viza ni juu yako au taasisi yako. Mimi nilipita kwa sababu profesa wangu tayari alikuwa na wenzake hapa. Wewe huenda njia yako ikawa tofauti kabisa, kwa hiyo usinishike kwa maneno yangu. Ila nakala za vyeti ziombe chuoni sasa hivi, kabla hujaandika mstari wa kwanza wa ombi.