Kazi ni kuukausha mzabibu: niliyoyaona Kent

Haya jamani, shikamooni wazee wangu, na nyie vijana mambo vipi. Mi nimefanya kazi kwenye shamba la zabibu za mvinyo kusini mwa Uingereza, Kent, misimu sita sasa, na kila nikirudi hapa Dodoma naulizwa swali lilelile, we huko si baridi na mvua tu, zabibu zinatokaje? Zinatoka. Ila kwa tabu ambayo sisi hatuijui, maana hapa mkasi ndo kalenda, ukipogoa leo unajua utavuna lini na kwa mwaka unavuna mara mbili. Kule mara moja tu, na kalenda kaishika mbingu.

Halafu watu wanadhani mvua ya kule ni ya mafuriko. Wala. Kwa mwaka haipishani sana na yetu, tofauti ni kwamba yetu inapiga miezi michache inaondoka, yao imesambazwa mwaka mzima, leo manyunyu kesho umande keshokutwa ukungu, yani jani halikauki. Kwaiyo kazi yote ya kule ukiiangalia vizuri ni hiyo tu, kuukausha mzabibu.

Januari mpaka Machi tunapogoa, miti imelala haina hata jani. Unaacha tawi moja au mawili yenye macho (pale panapochipuka) nane hadi kumi kila moja, unalikunja unalifunga kwenye waya wa chini, mengine yote unatupa, na mgeni akiona anasema hawa wameua shamba. Ukija Machi mwishoni kukianza joto kidogo pale ulipokata panadondosha maji, tone tone tone, safi kama ya kisimani, wenyewe wanasema mzabibu unalia. Mi nilipenda sana hiyo wiki, ukipita mistari asubuhi unasikia matone yanaanguka kwenye nyasi.

Aprili macho yanafunguka, na hapo ndo usingizi unaisha, kwa sababu ya jalidi, ule umande unaoganda. Chipukizi bichi likipigwa na baridi ya digrii mbili chini ya sifuri linakuwa jeusi kama limeunguzwa na pasi. Sasa hewa ya baridi inatembea kama maji, inateremka bondeni, ikikuta kizuizi inatuama. Mwaka wangu wa pili nilitumwa usiku saa nane kuwasha mishumaa, ni makopo makubwa ya nta, yanatakiwa mamia kwa hekta moja, nikaanzia juu kwa sababu ndo karibu na gari. Kufika chini kumeshakucha na mistari minne imekwisha. Uvivu wangu ule ulikula zabibu za mwaka mzima. Baadaye tukafyeka ua wa miti ule wa chini tukaacha uwazi, baridi ipate pa kutokea.

Maua ni mwisho wa Juni kuingia Julai. Ikinyesha wiki hiyo maua yanapukutika, kichala kinabaki na punje mbili tatu kubwa na nyingine kama dengu. Mwaka 2012 ulikuwa mbaya kiasi kwamba Nyetimber wa Sussex, watengeneza mvinyo wakubwa wale, walitangaza hawatengenezi mvinyo wa mwaka huo kabisa.

Halafu magonjwa. Ubwiri unga, ule unaopaka jani vumbi jeupe, mnaujua, dawa yake salfa. Ubwiri vinyoya nao wana hesabu yao rahisi, joto digrii 10, mvua milimita 10, chipukizi sentimita 10, vikikutana vyote vitatu toa pampu ya dawa. Lakini dawa peke yake haitoshi, unaingia kwa mkono unanyofoa majani yanayofunika vichala, upande wa jua la asubuhi tu, umande ukauke mapema na jua la mchana lisibabue punje. Hapa sisi tunaacha majani kuwa mwavuli, kule mwavuli ndo unaoozesha zabibu. Ukizembea unakuja ugonjwa wa ukungu wa kijivu, unashika punje moja ya katikati iliyobanwa, siku tatu kichala kizima kina manyoya.

Mtaniuliza faida iko wapi. Iko kwenye ubichi. Kuvuna ni mwisho wa Septemba hadi Oktoba, sukari ndogo, ukali mwingi, mi sinywi pombe lakini punje naonja, ukitafuna Chardonnay ya kule, aina ya zabibu nyeupe, unafumba jicho kama umelamba ndimu. Mvinyo wa povu ndo unataka hivyo hivyo. Na udongo wa chaki wa kule ni ndugu wa ule wa Champagne, kule Ufaransa kwenye mvinyo wa povu maarufu, mpaka Taittinger wenyewe, watengenezaji wa huko, wametoka Ufaransa mwaka 2015 wakanunua ardhi Kent. Kwaiyo wameacha kulazimisha mvinyo mzito mwekundu, wanauza kile ambacho baridi inawapa, na kwa maoni yangu hapo ndo wametuzidi akili, maana sisi bado tunahangaika kufanana na watu.

Tunavuna kwa mikono, kila mtu na kimkasi, punje iliyooza unaitoa palepale kabla kichala hakijaingia kwenye kreti. Novemba majani yanaanguka, wanaingizwa kondoo wanakula nyasi katikati ya mistari na mbolea wanaacha wenyewe. Ila wanatakiwa watoke kabla macho hayajafunguka, mwenye kondoo akichelewa kuja kuwachukua, machipukizi ya kwanza wanayafaidi wao.