"We Mwanaume Mzima, Ulishindwaje?"

Shikamooni wakubwa, wengine habari za asubuhi. Wahudumu wenzangu wa afya wa Temeke, sitawachelewesha, najua mna kaya za kuzungukia.

Mwanaume aliyebakwa mara nyingi haji kusema amebakwa. Anasema kavamiwa na vibaka aliposhuka daladala usiku. Anaonyesha jeraha la mkono, anaomba dawa ya maumivu, halafu haondoki. Kwenye benchi anakaa upande. Hapo ndipo pa kuvuta kiti: "Kaka, twende pembeni kidogo. Kuna kingine walichokufanyia?" Akinyamaza, nyamaza naye.

Kinachomfunga mdomo ni lile swali, "We mwanaume mzima, ulishindwaje?" Nimelisikia kwa watu wema kabisa, na linaniuma kila mara. Hofu kubwa hugandisha mwili, uwe wa askari au wa mbeba mizigo wa Kariakoo. Tena liko zito zaidi: huenda uume ulisimama, huenda hata alifika kileleni, na sasa anajiona aliridhia. Mwambieni wazi bila kung'ata maneno. Mwili hujibu mguso kama jicho linavyotoa machozi kwa kitunguu. Hiyo si ridhaa.

Pia anaogopa sheria. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu kinataja kubakwa kwa mwanamke na msichana tu. Aliyelawitiwa anaangukia cha 154, ambacho kinamwadhibu hata aliyeruhusu kuingiliwa. Basi anadhani akifika kituoni atawekwa ndani yeye. Aliyeshikiwa kisu hakuruhusu kitu! Mwambieni hilo kabla hajauliza, kisha msindikizeni Dawati la Jinsia la polisi. Wenzetu Kenya, tangu mwaka 2006, sheria yao ya ubakaji inasema "mtu" tu. Natamani yetu ifike huko.

Saa nazo hazimsubiri. Dawa za kinga ya VVU zianze ndani ya saa 72, na kila saa ya mapema ina faida. Kama hajaoga, asioge kwanza. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Pale Hospitali ya Amana kuna kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako huduma zote anazipata mahali pamoja. Akiwa na hali mbaya atibiwe kwanza, PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, itafuata. Kumwambia mkewe mwachieni yeye mwenyewe. Msimtangulie nyumbani kwake.

Vidonge ni vya siku 28, na kila kimoja kitamrudisha usiku ule. Msimwache peke yake navyo. Mpigieni simu, mpitieni kijiweni, msalimieni kama mnavyomsalimia siku zote.