Walipiga Hodi, Hawakukaribishwa

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Nianze na swali ninaloulizwa kila ninapozungumzia habari hii ya Wayahudi waliouawa na Wanazi wa Hitler, na nimeulizwa tena sasa hivi pale mlangoni: "Hao Wayahudi waliiona hatari inakuja, mbona hawakukimbia?" Nimelijibu miaka yote na leo nitalijibu tena, maana kila linapoulizwa, lawama inamtoka muuaji na kumwangukia aliyeuawa.

Chukueni familia moja tu, ya Otto Frank. Binti yake mdogo, Anne, mnamjua, na shajara aliyoiandika akiwa mafichoni wengi mmeisoma, kwa hiyo maisha ya mafichoni sitayaeleza sana. Nataka tumtazame baba.

Kwanza, alikimbia. Mtu wa Frankfurt, aliyeipigania Ujerumani katika Vita vya Kwanza hadi akawa luteni, alifungasha virago mwaka 1933, mwaka uleule Hitler aliposhika madaraka, akaenda Amsterdam kuanza biashara upya. Mkewe Edith na mabinti wawili wakamfuata. Anayesema hawakukimbia aanzie hapo.

Pili, na hapa mnivumilie, alitaka kukimbia tena. Mwaka 1938 aliomba viza katika ubalozi mdogo wa Marekani mjini Rotterdam. Marekani ilikuwa na kiwango chake: watu 27,370 kwa mwaka kutoka Ujerumani pamoja na Austria, basi. Mwanzoni mwa 1939 waliokuwa kwenye foleni hiyo walikuwa kama 300,000. Pigeni hesabu wenyewe, ni zaidi ya miaka kumi. Mei 1940 Wajerumani wakaivamia Uholanzi, na tarehe 14 wakaupiga Rotterdam kwa mabomu. Makaratasi ya waombaji yakateketea pamoja na mji. Ombi la Otto likawa majivu.

Mtu akisikia hivyo husema, labda hakuwa na wa kumshika mkono. Alikuwa nao! Ndugu wawili wa mkewe walikuwa wameshafika Massachusetts, vibarua wa kiwandani, tayari kumdhamini. Na tarehe 30 Aprili 1941 akamwandikia Nathan Straus, rafiki yake wa tangu ujanani, wakati huo mkubwa serikalini Marekani, akimwomba amsaidie dhamana ya dola 5,000. Barua hizo zilikaa kwenye makabrasha New York, zikatolewa hadharani mwaka 2007. Nawaomba mzisome. Haandiki kama mtu aliyelala. Anaandika kama mzazi yeyote ambaye amekwisha kuiweka aibu kando: anasema anaomba hasa kwa ajili ya watoto, na kwamba yatakayompata yeye na mkewe si kitu kikubwa.

Straus hakumtupa. Basi kikwazo kilikuwa nini? Kilikuwa utaratibu. Mwezi Juni Marekani ikaweka sharti: mwenye ndugu wa karibu anayebaki chini ya Ujerumani anyimwe viza, kwa hofu ya ujasusi. Mwezi uliofuata balozi ndogo za Marekani katika nchi zilizotekwa zikawa zimefungwa. Ili upate viza, uende ubalozi wa nchi nyingine. Ili uruhusiwe kutoka, uwe na viza. Ninyi mliowahi kuambiwa "njoo kesho" dirishani mnaijua ladha yake, ila kesho ya kwenu haikuwa na garimoshi la kwenda Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi.

Akageukia Kuba. Viza ikatoka tarehe 1 Desemba 1941, moja tu, ya kwake peke yake, ili akitangulia awavute wengine. Tarehe 11 Ujerumani ikatangaza vita dhidi ya Marekani. Viza ikafutwa siku hiyohiyo. Siku kumi! Halafu mtu aniambie walikaa tu.

Ndipo wakajificha. Tarehe 5 Julai 1942 binti mkubwa, Margot, miaka 16, aliletewa wito wa kwenda kufanya kazi Ujerumani. Kesho yake asubuhi, mvua inanyesha, Margot alitangulia kwa baiskeli, na wazazi na Anne wakatembea kwa miguu hadi Prinsengracht 263, nyuma ya ofisi ya Otto. Walivaa nguo juu ya nguo, kwa sababu Myahudi aliyebeba sanduku barabarani angeshukiwa. Kule ndani wazazi waliwapima mabinti kimo ukutani kwa penseli. Alama zipo hadi leo. Katika miaka miwili Anne aliongezeka zaidi ya sentimita 13. Mtoto alikuwa anakua, jamani, hata juani hatoki!

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa nimeandaa maelezo juu ya rejista ya raia ya Uholanzi, jinsi ilivyokuwa nadhifu na jinsi unadhifu huo ulivyowarahisishia Wanazi kazi. Nitaje tu kwamba Wayahudi kama 107,000 walisafirishwa kutoka nchi ile, wakarudi kama 5,000. Nani aliwachongea akina Frank, siligusi. Limeandikiwa mengi kuliko ushahidi uliopo.

Walikamatwa tarehe 4 Agosti 1944, watu wanane: wao wanne na wengine wanne waliojificha nao. Ofisa aliyewakamata aliliona sanduku la jeshi lenye jina la Otto na cheo chake, luteni wa Ujerumani, akashangaa. Akawachukua vilevile. Edith alikufa Auschwitz tarehe 6 Januari 1945, wiki tatu kabla Warusi hawajafika. Margot na Anne walikufa katika kambi ya Bergen-Belsen mwanzoni mwa mwaka huohuo. Kati ya wanane alibaki Otto peke yake.

Tarehe 3 Juni alirudi Amsterdam, kifo cha mkewe anakijua, watoto bado anawatafuta. Mwezi Julai akapata uhakika. Ndipo Miep Gies, karani wake aliyekuwa akiwapelekea chakula, akafungua droo ya meza yake ya ofisini, akatoa makaratasi ya shajara ya Anne aliyoyaokota sakafuni siku ile ya kukamatwa, ambayo hakuwa ameyasoma, akamkabidhi baba mtu.